Kengele ya Kengeleni ina wenyewe, tuwataje kwa majina

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo limenikaa moyoni siku nyingi. Najua barua yangu ni ndefu, ukiikata kata popote lakini tafadhali majina yaache, manake majina ndio yamenifanya nishike kalamu.

Wiki jana nilikuwa kwenye matatu natoka mjini narudi Kisauni, tumeshavuka daraja la Nyali, konda akaanza kuita Kengeleni Kengeleni wa kushuka asogee mlangoni, na kiti cha mbele yangu walikuwa wamekaa vijana wawili wa sekondari na yunifomu zao. Mmoja akamuuliza mwenzake, kwani hapa paliitwa Kengeleni kwa nini? Mwenzake akasema lazima palikuwa na shule zamani, kengele yake ikisikika mbali. Wa kwanza akabisha, akasema hiyo itakuwa kengele ya reli. Nikataka kuingilia niwaambie, lakini gari limeshasimama, watu wanasukumana, wakashuka wakaenda zao, na kengele yenyewe inaning'inia palepale kando ya barabara na wao wamepita ubavuni mwake. Sikuwa na raha siku nzima.

Siwalaumu wale watoto. Nani aliwaambia? Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima ndio nikaelewa vizuri, na nimebatizwa Anglikana, nimepata kipaimara Anglikana, na marehemu nyanya yangu alikuwa akituambia tukiwa wadogo ati sisi ni Wamisheni, tukifikiri ni jina la ukoo tu, kumbe ni uzao wa watu wa misheni.

Sasa nieleze habari ya kengele hiyo na ya Frere Town, mji wa misheni uliojengwa hapa kwa watu waliotolewa utumwani, na nitaanza mbali kidogo.

Huku ng'ambo ya kisiwa, kabla ya hizo nyumba za Nyali na kabla ya soko la Kongowea, paliitwa Kisauni na palikuwa mashamba na minazi. Mmisionari wa kwanza kufika Mombasa kutoka shirika la CMS la Uingereza alikuwa Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, mwaka 1844. Alikuja na mkewe Rosina akiwa mjamzito, na hata miezi michache haikupita homa ikamchukua Rosina mwezi wa Julai mwaka huohuo na mtoto mchanga akamfuata, wakazikwa huku upande wa bara. Kwa hiyo kabla ya kanisa kulikuwa kaburi. Miaka miwili baadaye, 1846, akaja Johannes Rebmann wakapanda Rabai kwa Wamijikenda wakaanza misheni huko, na huyo Rebmann ndiye aliyeuona Kilimanjaro 1848 akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi wengine wakakataa kumwamini. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu na mgonjwa, hakuwa tajiri wala mzee wa kaya. Hayo ya Krapf na Rebmann tunayajua, yako kwenye vitabu vya shule, sina haja ya kuyarefusha.

Yanayorukwa ni haya yanayofuata.

Miaka hiyo biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto. Watoto walikuwa wakikamatwa kule kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, wanateremshwa pwani, wanapakiwa majahazini kwenda Unguja, Pemba, Uarabuni. Meli za kivita za Waingereza zikawa zinayakamata baadhi ya majahazi baharini, sasa wale watoto waliookolewa wapelekwe wapi? Kurudi kwao haiwezekani, watakamatwa tena njiani. Wengi wakapelekwa Bombay kule India, na kundi moja likawekwa Sharanpur karibu na mji wa Nasik, kwenye kituo cha CMS kilichokuwa chini ya kasisi William Salter Price. Huko wakafunzwa kusoma, Kiingereza, dini, na kazi za mikono kama uhunzi na useremala. Hao ndio walioitwa Wabombay. Hebu fikiria mtoto wa Kiyao umeuzwa ukiwa mdogo, umevuka bahari, umekulia Uhindini na jina jipya la Kizungu, halafu siku moja unaambiwa rudi Afrika ukafanye kazi ya Mungu, na hiyo Afrika unayopelekwa sio hata kijijini kwenu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa William Henry Jones na Ishmael Semler. Waliletwa Rabai 1864 kumsaidia Rebmann. Ushike mwaka huo, 1864, manake Frere Town ilianza 1875, yaani hawa walikuwa wameshakaa pwani hii miaka kumi na moja wakifundisha, wakijenga, wakizika watu. Na mwenzao George David ndiye aliyekuwa mwalimu wa kanisa hukohuko Rabai wakati Rebmann amezeeka na macho yameisha nguvu. Rebmann aliondoka 1875 akiwa karibu kipofu kabisa, mwaka uliofuata akafariki kwao Ujerumani. Sasa mtu akiniambia kanisa la pwani liliwekwa na wazungu peke yao namuuliza, hiyo miaka ya katikati nani alikuwa akifungua mlango wa kanisa asubuhi?

Halafu ikaja 1873. Sir Bartle Frere, mjumbe wa Waingereza, alitumwa Unguja kumshurutisha Sultani Barghash, na mwezi wa Juni Sultani akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Mwaka huohuo mwezi wa Mei David Livingstone, mmisionari na msafiri, alikuwa amefariki Chitambo kule bara, na waliomkausha wakambeba mpaka Bagamoyo kwa miguu miezi mingi walikuwa Waafrika, Chuma na Susi na wenzao, na kati yao walikuwako vijana wa Nasik. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alisafiri na maiti mpaka London akawa miongoni mwa waliolishika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mwingine ni Matthew Wellington, jina lake la kuzaliwa Chengwimbe, Myao, huyu alirudi akaishi hapahapa Mombasa mpaka akafa 1935. Mwaka 1935, Mhariri! Wazee wetu wengine walimuona kwa macho. Aliyembeba Livingstone alikuwa akipishana na watu kwenye barabara zetu, na sisi kwenye darasa la kipaimara tulikaririshwa tarehe za Livingstone tu.

Msiba ule ndio uliowatikisa Waingereza wakachanga pesa. Price akatumwa Mombasa mwishoni mwa 1874, shirika likanunua ardhi huku Kisauni ikitazamana na kisiwa, na 1875 mji ukaanza ukapewa jina la Frere. Wabombay zaidi ya mia moja wakaletwa kuwa mafundi na walimu, na meli za kivita zikaanza kushusha watu waliotolewa majahazini, wamekonda, wengine watoto wadogo wasiojua hata lugha ya mwenzao aliyekaa naye. Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, wote wakawa kijiji kimoja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mimi huwa nasema parishi yetu ilianza na watu wasio na mjomba wala shangazi, wakawa mashangazi na wajomba wao kwa wao, na ndio maana nyanya yangu alikuwa na "ndugu" wengi kiasi kile ambao hatukuweza kuwapanga kwa damu hata tungefanyaje.

Na ile kengele sasa. Iliwekwa ili ikilia watu wajue hatari inakuja, wanaowatafuta watumwa wameonekana, kila mtu akimbilie ndani. Watu waliokuwa wakilala na sikio moja limesimama ndio walioipa thamani. Na hapo pakaitwa Kengeleni mpaka leo. Kanisa lao, Emmanuel, liko hapohapo karibu, na jina lenyewe maana yake ni Mungu pamoja nasi, watu waliotoka walikotoka waliposema neno hilo naamini halikuwa neno la mdomoni tu.

Nisije nikaonekana nimepamba. Maisha ya Frere Town hayakuwa ya peponi. Kulikuwa na sheria kali, na kuna msimamizi mmoja wa kizungu, Streeter, aliyekuwa akichapa watu viboko mpaka habari zikafika Uingereza na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akaondolewa. Watu wametolewa kwenye minyororo halafu wanachapwa tena na waliowatoa. Wabombay hawakunyamaza, walilalamika, walidai mishahara ya haki, walidai waheshimiwe kama wafanyakazi wenza na sio watoto. Hili nalo liwe kwenye historia ya kanisa, tena ningependa lisomwe kwa sauti.

Na tusiseme pia kwa kuwakwaza majirani. Kisauni ya leo Waislamu na Wakristo tunakaa ukuta kwa ukuta, tunazikana, tunaazimana viti vya harusi. Biashara ile ilifanywa na watu wa kila namna, waliokamata huko bara walikuwa Waafrika wenzetu, wenye majahazi walikuwa wengine, wenye mashamba wengine, na pembe na karafuu zilinunuliwa na wazungu haohao. Ukweli ukielezwa wote haumtukani mtu.

Nirudi kwa Jones kwa sababu huyu ndiye anayeniuma zaidi. Rabai miaka ya 1880 yeye ndiye aliyekuwa akiangalia misheni, na watumwa watoro wakawa wanakimbilia kwake kutoka mashamba ya pwani, usiku, mmoja mmoja, familia familia. Sheria ya wakati ule ilisema mtoro arudishwe kwa mwenyewe. CMS wenyewe walikuwa wakiogopa ugomvi. Jones na watu wake wakawaficha, wakawapa vipande vya kulima. Mpaka 1888 wenye watumwa wamechoka wanatishia kuja kuchoma, ndipo kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani, chini ya George Mackenzie, ikaona ni bora ilipe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu karibu 1,400 wakapewa hati zao za uhuru kule Rabai. Huo ni mwaka mpya wa aina gani jamani! Utumwa wenyewe kisheria ulikuja kufutwa huku pwani ya Kenya 1907, miaka kumi na minane baadaye. Watu wa Rabai walishakuwa huru.

Katikati ya hayo kulikuwa na safari ya Askofu James Hannington. Alifika Frere Town mwanzoni mwa 1885 akiwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, mwaka huohuo akawawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi, na Julai akaondoka Rabai kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini, Jones akiwa naye. Walipofika kwa Sundu, hapo panapoitwa Mumias siku hizi, askofu akamwacha Jones na wapagazi wengi akaenda mbele na kikosi kidogo. Tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones akangoja, akangoja, mpaka wachache waliopona wakarudi na habari. Hapo mtu mwingine angetawanya msafara kila mmoja ajiponyeshe. Jones akawakusanya watu wake, akawaongoza kwa miguu kurudi pwani nchi nzima ile, na mwanzoni mwa 1886 wakaingia Rabai wamevaa vitambaa vilivyochakaa, mbele yao bendera ya buluu imeandikwa neno moja, ICHABOD. Msomaji wa Biblia afungue 1 Samweli sura ya 4, utukufu umeondoka katika Israeli. Kila nikisoma habari hiyo lazima nisimame kidogo.

Kanisa kuu la ukumbusho la kule mjini, lile lenye kuba linalowachanganya wageni wakadhani ni msikiti, lilifunguliwa 1905 kwa kumbukumbu ya Hannington na wenzake waliofia kazini. Sawa kabisa, wanastahili. Ninachouliza ni aliyewarudisha waliobaki hai anakumbukwa wapi.

Kuna mengine nayapitia haraka haraka. Chuo cha kufundishia makasisi kilianzishwa Frere Town 1903, kikahamia Limuru 1930, na 2007 kikawa chuo kikuu, St Paul's. Wanafunzi wanaohitimu huko na kofia zao wajue chimbuko lao ni Kisauni. Na kwa wapenzi wa lugha, kasisi W. E. Taylor wa misheni hiyohiyo alikaa Mombasa akajifunza Kimvita mpaka akawa anahubiri sokoni kwa mashairi, na pamoja na Mwalimu Sikujua akasaidia kuhifadhi tungo za Muyaka, mshairi wa Mombasa, ambazo zingepotea. Wakati wa mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu, watu wa misheni ya hapa ndio waliosimama kuitetea Kimvita. Walishindwa, lakini wazee wetu kanisani walikuwa bado wanasali "utupe leo" kwa lafudhi ya Mvita ambayo siku hizi siisikii tena. Hata daraja nilitaje, 1931 ndio likaja lile la kuelea, kabla ya hapo ukitaka kwenda mjini ni mashua, na hili la saruji tunalopita ni la 1980. Frere Town ilikuwa mbali, sio kitongoji cha dakika kumi kama leo ukibahatika kukosa foleni.

Sasa kilichoniudhi mpaka nikaandika, mbali na wale vijana. Miaka michache iliyopita nilihudhuria sherehe ya kanisa moja, sitaki kutaja ni wapi, tukagawiwa kitabu kidogo cha historia ya parishi. Kurasa za mwanzo zote ni picha za wazungu na tarehe zao za kuzaliwa na kufa. Ukifika kwa Waafrika unakuta maneno "pamoja na wasaidizi wa kiafrika waliookolewa utumwani". Basi! Hakuna jina hata moja. Nilikaa na kile kitabu mapajani kwaya inaimba nikawa namkumbuka nyanya, alivyokuwa akisema babu yake hakuwa akisaidia mtu, alikuwa akifanya kazi yake.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, sio ya pesa nyingi.

Walimu wa darasa la kipaimara na Sunday school, majina ya Jones, Semler, George David na Wellington yawe somo kama yalivyo ya Krapf na Rebmann. Watoto wapelekwe Rabai, sio mbali, kanisa la St Paul's liko na nyumba ya Rebmann iko, waoneshwe pale ndipo watoro walipopewa hati. Halafu wakirudi wasimamishwe Kengeleni waiguse kengele kwa mikono yao na waambiwe ilikuwa ikilia kwa sababu gani.

La pili ni kwa familia zetu sisi Wamisheni, tuliotapakaa Kisauni, Rabai, Nairobi na hata nje ya nchi. Cheti cha ubatizo cha babu, picha ya kwaya ya zamani, Biblia yenye majina nyuma ya jalada, msitupe. Mtu akifa nyumba inafagiliwa na makaratasi yanachomwa, nimeona kwa macho yangu, tulipomzika mjomba walichoma sanduku zima na mimi nilifika moto umeshaisha. Leo kila mtu ana simu, piga picha, mtumie kijana wa kanisani mwenye kompyuta aweke pamoja. Na wazee waliobaki wahojiwe kwa sauti, wakitaja mababu zao waliitwa nani kabla ya kupewa Wellington na Jones na Semler, manake jina kama Chengwimbe likibaki kwa mzee mmoja tu na yeye akaondoka, hakuna maktaba itakayolirudisha.

La tatu kwa makasisi wetu. Mkichapisha tena kitabu cha historia ya kanisa kwenye sherehe yoyote, anzeni na rejista za zamani kabla ya kuanza na picha za maaskofu. Andikeni aliyebatizwa nani, aliyeoana na nani, fundi aliyeezeka paa nani.

Na wale vijana wawili wa matatu, kama barua hii itawafikia, wewe uliyesema kengele ya shule hukukosea mbali, manake misheni ilikuwa na shule pale na watoto waliotolewa majahazini walisoma hapo. Lakini siku mkishuka tena steji ile msivuke barabara mara moja. Sogeeni mpaka chini yake muitazame. Mimi Jumamosi asubuhi huwa napita hapo nikienda sokoni Kongowea, mkiniona na kikapu niulizeni, nitawaelezea mpaka mchoke.

Ni mimi,
Mjukuu wa Mmisheni,
Kisauni, Mombasa